Mikia Niliyodhani ni Mapovu ya Wanga

Vijana wa chumba cha picha cha hospitali, siku ya kuniaga mlinipa keki, kitenge na daftari jipya, mkasema, "Mama, tuandikie." Keki wamemaliza wajukuu, kitenge nimeshashona, limebaki daftari linanitazama kila asubuhi. Haya, naandika. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, maana mambo hayo yangeenea kwenye mstari mmoja na nafasi ingebaki. Nitaandika nilivyoona. Nimetazama ndani ya watu kwa miaka zaidi ya thelathini, na mpaka siku narudisha funguo nilikuwa bado sijazoea. Mlikuwa mnacheka mkinisikia nasema "jamani" mbele ya skrini. Chekeni tu, mimi nilikuwa sichezi.

Nilianza wakati wa shida. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na khanga ukiipata huulizi rangi. Nilitoka kijijini kwetu Kisiwani na cheti cha uuguzi, nikiamini nitapangiwa wodi ya wazazi. Matroni akanitazama kutoka juu hadi chini akauliza, "Wewe unaogopa giza?" Nikasema siogopi. Nilikuwa naliogopa sana, ila mtafuta kazi hachagui. Akanipeleka kwa Mzee Elifuraha, fundi wa eksirei.

Mzee Elifuraha alikuwa mtu mfupi, mkali, vidole vyake vimegeuka rangi kwa dawa za kusafishia filamu. Shikamoo yangu aliiitikia akiwa amenipa mgongo. Siku ile alikuwa na mgonjwa mmoja tu, kibarua wa mkonge kutoka upande wa Singida, aliyebanwa mkono na mashine shambani. Mzee akapiga picha, akaniingiza chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, akaichovya filamu kwenye dawa. "Tazama, usiguse." Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha ukatokea kama ukungu, kisha vidole vitano, mfupa baada ya mfupa, na ufa umepita katikati. Mwenye mkono yuko nje anagumia, na mkono wake uko hapa kwenye beseni mbele yangu. Nikashika meza. Mzee akasema, "Aliyekutangulia alizimia. Wewe una nafuu."

Filamu zilikuwa chache kuliko wagonjwa. Dizeli ya jenereta ilitosha siku mbili kwa wiki, ikikawia inatosha kwa maombi tu. Mzee alikuwa akimgeuza mgonjwa na kumpima kwa macho mpaka mgonjwa mwenyewe anauliza kama picha imeshapigwa. "Ukikosea picha moja," alisema, "umemnyang'anya mtu mwingine aliye njiani." Ndiye aliyenifundisha kuandika ripoti, na somo lake lilikuwa fupi: "Andika ulichoona. Unachokifikiri mwachie daktari, na unachokiogopa kakiseme kanisani." Nililiweka kichwani nikijua ni rahisi. Si rahisi, mtaona.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Maduka ya mjini Same yakajaa vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua, mitumba ikamwagika sokoni, na sabuni ikaacha kuwa zawadi ya harusi. Katika wimbi hilo, marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo wakatuletea mashine ya altrasaundi iliyokwisha tumika kwao, ndani ya sanduku la mbao, na kitabu cha maelezo kwa lugha ambayo hapakuwa na mtu wa kuisoma. Mzee Elifuraha alikuwa ameshastaafu. Nikapelekwa mimi Moshi kwa wiki sita, nikarudi nikiitwa mtaalamu. Wiki sita.

Kwa msiojua kazi yetu: mashine ile haitumii mionzi. Inatuma sauti nyembamba ambayo sikio halisikii, sauti inaingia mwilini, ikikuta kitu inarudi, na mashine inachora kutokana na hicho kilichorudi. Ni kama ukisimama kule Chome milimani ukaita na mlima wa pili ukakuitikia. Mtoto wa kwanza niliyemwona tumboni alikuwa ananyonya kidole. Nilimwambia mama yake, naye akauliza, "Amejuaje kunyonya?"

Sasa, sauti ile haipiti kwenye hewa, ndiyo maana tunapaka jeli kati ya ngozi na kichwa cha mashine. Jeli iliyokuja na sanduku iliisha mwezi wa pili. Ya kununua ilikuwa haijafika kwetu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaenda jikoni kwa mpishi wetu, Mama Tumaini, nikamwomba apike wanga wa muhogo, ule wa kukazia nguo, ila laini zaidi. Akapika. Tukawa tunapaka wagonjwa uji wa muhogo tumboni, na kazi ikaenda. Tatizo lake lilikuwa moja: Mama Tumaini alikoroga kwa nguvu kama anakoroga ugali, wanga ukajaa mapovu, na kila povu lilitupa alama nyeupe kwenye skrini. Tuligombana kila wiki. Yeye alisema kama nataka uji usio na povu nikapike mwenyewe.

Jambo jingine lililokosekana ni karatasi za kuchapia picha. Kwa hiyo nilichora. Kila mgonjwa nilimchorea kwa penseli kwenye daftari la shule: ini hapa, mfuko wa nyongo hapa, figo hapa, na maneno machache pembeni. Sijui kuchora, mbuzi wangu shuleni alifananishwa na meza. Lakini ukichora unalazimika kutazama, na ninyi mnaobonyeza kitufe picha ikatoka nawahurumia kidogo kwa hilo.

Siku moja akaja mama kutoka Chome, Namsifu, mwenye mimba ya mtoto wake wa tatu. Alikuwa ametembea mpaka barabarani akapanda lori la magogo. Mtoto alikuwa amekaa vizuri. Kwa kuwa bado nilikuwa najifunza, nilikuwa na tabia ya kupanda na mashine hadi kwenye ini la kila mtu, nilizoeze jicho. Kwenye ini la Namsifu nikaona nukta ndogo nyingi, na kila nukta ina mkia mweupe unaoshuka chini, mfupi, unaofifia mwishoni. Ilipendeza, kusema kweli. Nikachora, mikia na yote, hata ile nukta kubwa kuliko nyingine, sawa na punje ya mahindi, karibu na mfuko wa nyongo. Pembeni nikaandika: "Mapovu ya wanga. Mpishi aambiwe." Mpishi akaambiwa, naye akanipa jibu nisiloweza kuliandika hapa.

Ikapita miaka minne. Jeli ya kweli ikawa inauzwa Moshi, safi, haina hata povu. Namsifu akarudi, mwembamba, analalamika maumivu chini ya kifua. Nilikuwa na wagonjwa wengi tangu hapo, sikumkumbuka. Nikapaka jeli, nikatazama, na ini lote likawa nukta tupu. Safari hii sikuwa na wanga wa kusingizia.

Nitasema yaliyokuwa moyoni mwangu, maana mficha uchi hazai. Mwaka uliotangulia mama yangu mzazi alikufa kwa kansa iliyosambaa kwenye ini. Mimi ndiye niliyemtazama kwa mashine ile ile. Tangu hapo kila ini lenye doa nililiona ni la mama. Nikashika kalamu nikaandika: "Madoa mengi ini zima. Kansa iliyosambaa." Sikuandika mikia. Niliiona, kwenye daftari nikaichora kwa mazoea ya mkono, lakini kwenye ripoti sikuiandika, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua.

Daktari wetu alikuwa kijana, mwaka wake wa kwanza, mwaminifu. Hakuwa na kitu kingine cha kutegemea isipokuwa karatasi yangu. Akamwita Namsifu na mumewe, Elisha, akawaambia kwa upole kwamba hapakuwa na dawa ya kumponya, na pengine ilikuwa imebaki miezi mitatu au minne. Niliwaona wakivuka uwanja kwenda kusubiri gari. Elisha alikuwa amemshika mkewe kiwiko kama mtu anayemvusha mto.

Miezi miwili baadaye akaja bingwa wa picha kutoka Moshi, mtu mzima, mpole, ambaye alitutembelea mara chache kwa mwaka kukagua kazi yetu. Nikamwonyesha daftari langu la michoro, kwa kujivuna kidogo, nikitaraji sifa. Akafunua, akafunua, akasimama kwenye ukurasa wa Namsifu.

"Mikia hii umeibuni au umeiona?"

"Niliiona, daktari."

"Kwenye nukta zote?"

"Karibu zote."

Akavua miwani. "Na huyu mama yuko wapi?"

Nikamweleza. Akachukua penseli akanichorea. Ninyi mnajua mifereji yetu ya Upare inavyotoka kwenye ndiva, bwawa la juu, ikagawanyika mashambani. Akasema ini nalo lina mirija yake ya nyongo, inayochimbwa mtoto akiwa bado tumboni. Kwa watu wachache vijirija vingine havifiki popote. Vinabaki vifuko vidogo vilivyotulia, na kimaji ndani yake. Si kansa. Havidhuru, na mwenye navyo huzeeka navyo bila kujua. Sauti ikiingia kwenye vifuko hivyo inagongagonga huku na huku kabla ya kurudi, na huko kugongagonga ndiko kunakochora mkia.

"Lakini sitaapa kwa mchoro wa penseli," akasema. "Kansa hukua, hivi havikui. Ungekuwa na picha yake ya zamani ningekuwa na la kusema. Kwenye skrini yote ni kama mapovu, na mapovu mabaya na mazuri hata mabingwa wameyachanganya."

Ni hilo neno mapovu lililonishtua, maana niliwahi kuliandika. Nikaenda kabatini, nikashusha madaftari ya zamani, vumbi likanijaa puani, nikafunua moja baada ya jingine nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Nikaukuta. Jina lake, Chome, mimba ya tatu, "Mapovu ya wanga. Mpishi aambiwe." Nukta zile zile. Ile kama punje ya mahindi, pale pale karibu na mfuko wa nyongo, na haikuongezeka hata kidogo. Tukaiweka michoro miwili mezani, mmoja kando ya mwingine. Bingwa akasema taratibu, "Kansa gani hii inayokaa miaka minne bila kula?" Nilikuwa nimeonyeshwa kitu kile kile mara mbili, na mara zote mbili nimekipa jina ambalo si lake.

Bingwa alitaka Namsifu aletwe atazamwe upya. Simu Chome hazikuwapo. Barua ingekwenda kusomwa kwenye matangazo ya ibada, na jambo lile halikuwa la kutangazwa. Nikaomba ruhusa nikapanda mwenyewe, kwa gari mpaka lilipokomea, kisha kwa miguu, ukungu wa mlima Shengena umeshuka mpaka sioni viatu vyangu. Njia nzima nilikuwa naomba jambo moja, nimkute hai. Nilikuwa naogopa nini? Maradhi sikuyaogopa tena. Niliogopa huzuni, maana nimewaona watu wakifa kwa kuambiwa.

Nilimkuta mgombani anakata majani makavu. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Shikamoo dada," alisema.

"Marahaba, Namsifu. Unanikumbuka?"

"Wewe ni wa mashine." Akaliweka panga chini. "Mmeona jingine?"

Nikamweleza kwa Chasu, lugha yetu, pale pale, tumesimama. Nikamwambia daktari alisoma karatasi, karatasi ndiyo iliyokosea, na karatasi niliiandika mimi. Elisha alikuwa amesogea, jembe begani.

"Karatasi moja, mama?" akauliza.

"Karatasi moja."

Akanitazama, akageuka akarudi shambani bila kuaga. Sikumlaumu, na miaka yote hii sijapata sababu ya kumlaumu.

"Kwa hiyo sifi," Namsifu akasema.

"Utakufa kama sisi wote. Ila kwa hili, nadhani hapana. Twende ukatazamwe na mkubwa wangu, tuhakikishe."

Nilitegemea atalia au atanitukana. Badala yake akaniambia habari za mwanawe wa nne na wa mwisho, Upendo, binti wa mwaka mmoja na miezi miwili. Wiki ile aliyorudi kutoka hospitali alimwachisha ziwa. Kisha akampeleka Shighatini kwa wifi yake, asiwe anamwona kabisa. Kabla ya hapo wifi alikuja kukaa nao, naye akamfundisha mtoto kumwita wifi "mama". Siku hizo yeye mwenyewe alikuwa akikaa chumba cha pili, akisikia mtoto analia, haendi.

"Nilitaka anisahau nikiwa hai," alisema, "ili siku ya kuzika asinitafute."

Nimefanya kazi na maiti, na wanawake waliojifungua wafu, na vibarua waliokatwa na mashine. Sijasikia neno zito kama lile. Nilikaa chini kwenye majani ya migomba nikalia mimi, na yeye akanishika bega, mgonjwa anambembeleza muuguzi.

Siku ya tatu alikuwa kitandani mbele ya mashine, na bingwa amesimama nyuma yangu. Haya ni ya kazi, yashikeni. Nukta zikitokea, usikimbilie jina. Mwambie mgonjwa avute pumzi aishike. Povu la jeli liko juu ya ngozi, linafuata mkono wako. Kilicho kwenye ini kinafuata pumzi yake. Namsifu alivuta pumzi, na nukta zote zikashuka pamoja na ini; akaachia, zikapanda, kila moja na mkia wake. Bingwa alipima ile kubwa, akatazama mchoro wa zamani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Maumivu yenyewe yaligundulika ni vidonda vya tumbo, yakaisha kwa vidonge. Lakini aliagiza tumtazame tena kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili, maana mwenye hekima hafungi faili kwa furaha.

Nilimgeuzia Namsifu skrini. Sikuwahi kumfanyia mgonjwa hivyo kabla. Akavuta pumzi, akaachia, akavuta tena, akiwatazama wakipanda na kushuka. Nasema "wakipanda" kwa sababu yeye aliwaita "hawa".

"Nimezaliwa na hawa?"

"Umezaliwa nao."

"Na mama yangu hakujua, na mimi sikujua." Akafikiri. "Mungu ana mambo ndani ya watu." Nilikaa na kichwa cha mashine mkononi nikiona aibu na mshangao kwa wakati mmoja, nikijua kwamba kitu kilichokaribia kumuua kilikuwa mstari wangu, na hivi vilivyomo ndani yake havikuwa vimemfanyia ubaya wowote tangu auone mwanga.

Nilimsindikiza Shighatini mwenyewe. Wifi yake alipiga kelele mlangoni, wakakumbatiana, majirani wakaja. Upendo alikuwa nyuma ya wifi, amekamata khanga. Namsifu akachuchumaa, akanyoosha mikono, akamwita. Mtoto akamtazama kama tunavyomtazama mgeni wa mchungaji, kisha akaficha uso kwenye khanga akasema, "Mama, twende." Wifi alitaka kumsukuma kwa mama yake.

"Usimlazimishe," Namsifu akasema. "Nilimfundisha mwenyewe. Amefaulu."

Mimi nilirudi kazini. Yeye alibaki pale. Alipokuja kutazamwa baada ya miezi sita, amenenepa, ini lake vile vile bila mabadiliko, nilimuuliza habari za mtoto. Aliniambia alilala nyumba ile siku kumi na tisa kama mgeni. Alipika, akachota maji, akafua nguo za mtoto, hakumshika mpaka mtoto atake. Siku ya kumi na tisa alikuwa anapepeta maharage uani, na Upendo akatoka ndani peke yake, akampita wifi aliyekaa mlangoni, akaja akasimama mbele yake na kikombe kitupu. Akasema, "Maji."

"Hakusema mama," Namsifu aliniambia. "Alisema maji. Nikachukua kikombe, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia huko mpaka nikamaliza. Kisha nikamchotea."